Nyuzi Mpya za Kishindo

Kishindo alikuwa na imani moja iliyozidi zote: uzi wa besi haubadilishwi mpaka ukatike, na ukikatika, mwenye gita aulizwe kwanza aliufanyia nini. Wapiga besi wa bendi nyingine walikuwa wakibadilisha nyuzi kila baada ya miezi michache, naye akiwacheka. "Uzi mpya unalia kama vijiko vinaoshwa," alikuwa akisema. "Besi mtu aisikie tumboni, asijue hata imetokea wapi." Zile nyuzi nne za gita lake alizifunga mwaka binti yake alipoanza shule, na sasa binti mwenyewe ni mke wa mtu, ana mtoto anayekimbia uani. Zilikuwa zimekunywa jasho, vumbi na mafuta ya vidole mpaka zikawa nyeusi, ukizigusa zinakuachia rangi mkononi.

Lakini sauti yake, jamani! Uchafu ule ulikuwa umejaa katikati ya mizunguko ya waya, ukaziua zile sauti nyembamba zote za juu, ikabaki ya chini peke yake, nene na fupi, kama mtu anashusha gunia la nafaka sakafuni. Hailii ikaendelea kulia. Inagonga, inanyamaza, inakupisha ucheze. Ndiyo iliyompa jina la Kishindo, na watu waliokuja kucheza dansi Jumapili alasiri katika ule ukumbi ulio nyuma ya ghala la mbao walikuwa wakisema bendi nyingine zina magita, hii ina kishindo.

Siku nyingine za wiki alikuwa mchonga funguo. Kibanda chake kiliegemea duka la vifaa vya ujenzi, ndani kuna mashine moja ya kuchongea, ubao wa misumari uliotundikwa funguo ambazo hazijapata meno, na kiti kilichotoka pamba. Pale hakuna aliyemwita Kishindo. Walimwita "mzee wa funguo", tena wakati mwingine "wewe wa funguo". Mtu anakuja, anatupa ufunguo mezani, anaongea na simu yake, anapokea, anaondoka hajamtazama usoni. Wala hakuwa na kinyongo. Ikifika Jumapili watu hao hao watakwenda kushoto na kulia kwa kadiri yeye anavyotaka, na hawatajua. Hilo lilimtosha. Sasa mwondolee besi, abaki nani? Abaki wewe wa funguo. Alilijua hilo vizuri sana, na ndiyo maana yaliyompata yalimwingia mpaka kwenye mifupa.

Yalianza na kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Kiliingia ganzi asubuhi moja, akakitingisha, kikakataa kuamka. "Ebo! Wewe nani kakupa likizo?" akakiuliza. Baada ya muda kikamshawishi na mwenzake wa pili. Funguo zikaanza kumdondoka kibandani. Siku moja mteja akamwambia, "Mzee, unatoa damu," naye akatazama mkono, akakuta mashine imemkata na hakusikia kitu chochote. Hapo ndipo alipokwenda kwa daktari. Daktari akamgonga kiwiko, akamwamuru atanue vidole, vidole vikatanuka nusu. Akamwambia mshipa wa fahamu umebanwa pale kiwikoni kwa miaka, nyama za mkono zimeshaanza kunywea, na hata wakipasua, kilichokwisha kufa hakirudi.

"Ungekuja mapema," daktari akasema.

Asante sana, daktari. Kishindo alivaa koti lake, akarudi nyumbani, mke wake akamuuliza amechelewa wapi, akajibu alikuwa na mteja mwenye kufuli la ajabu. Hakumwambia yeye, hakumwambia binti, hakumwambia mtu wa bendi. Wahenga walishasema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini Kishindo alijiambia hajalala kitandani, anatembea, anakula, huo ugonjwa gani?

Sasa, anayepiga besi hutumia mkono wa kulia kuchapa nyuzi, na wa kushoto kuzikandamiza kwenye shingo ya gita, juu ya vile vipande vya chuma wanavyoviita freti. Usipokandamiza sawasawa, uzi haulii, unakwaruza. Na nyuzi za besi si za kubembeleza, zinataka vidole vinne vyenye nguvu. Yeye alikuwa amebaki na viwili. Kidole kimoja hakivunji chawa, na viwili, nawaambia, havipigi besi. Akaanza kukwaruza. Noti nyingine zinakuja zimekufa, nyingine zinachelewa kama mtu aliyepotea njia. Lakini mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Kishindo akasema gita lina tatizo.

Akalibeba mpaka kwa fundi wa magita, seremala wa makabati ambaye magita aliyafanya kwa mapenzi tu, rafiki yake tangu ujana.

"Nishushie nyuzi, ndugu yangu. Zimekuwa nzito."

"Zimekuwaje nzito? Si zile zile?" Fundi akalinyanyua gita, akafumba jicho moja, akatazama shingo kwa urefu. "Shingo imenyooka. Nyuzi ziko pale pale nilipoziweka mimi mwenyewe."

"Nimesema zishushe. Unataka nikuandikie barua?"

Fundi akashusha. Nyuzi zikikaribia shingo, kidole hakihitaji nguvu, hiyo ndiyo raha yake. Karaha yake ni kwamba hazina nafasi ya kutikisika, ukizichapa zinagonga vyuma na kuvuma kama nyuki waliofungiwa kwenye kopo. Kishindo akarudi, akasema zinavuma kwa sababu bado ziko juu. Fundi akamtazama, akashusha tena. Akarudi mara nyingine. "Nikishusha tena, kaka," fundi akasema polepole, "utakuwa unapiga ubao." Na macho yake yakateremka mpaka kwenye ule mkono wa kushoto uliokuwa umejificha mfukoni, yakatulia hapo, kisha yakaondoka. Hakuuliza. Hata leo sijui kama kunyamaza kule kulikuwa adabu au woga.

Kishindo akahamia kwenye dawa za nyumbani. Wapo wanaochemsha nyuzi za besi: unazivua, unazitumbukiza kwenye maji yanayotokota, uchafu unatoka, uzi unapata uhai kidogo. Yeye aliyewacheka wabadilisha nyuzi sasa alisimama jikoni akikoroga sufuria kwa mwiko. Mke wake akaingia, akafunua kifuniko.

"Haya, baba watoto, leo tunakula mchuzi wa waya?"

"Acha utani, mama. Ni dawa."

"Dawa ya nani?"

Akarudi kukoroga. Mke akaichukua sufuria nyingine, akaanza kupika chakula cha watu.

Ikaja Jumapili mbaya. Katikati ya wimbo ambao amekuwa akiupiga tangu hajaota mvi, kuna mahali besi inapanda peke yake kwenda juu ya shingo, vyombo vingine vyote vimenyamaza kuisubiri. Vidole havikupanda. Kikatokea kishindo kimoja, halafu mkwaruzo, halafu kimya. Wachezaji wakasimama wakitazamana, wanaume wamewashika wake zao viuno na hawajui wawapeleke wapi. Mpiga ngoma akaokoa jahazi kwa kupiga matoazi yake kwa nguvu. Kiongozi wa bendi, mwimbaji mwenye kitambi na roho nyepesi, akageuka akamtazama Kishindo mara moja tu. Usiku ule Kishindo hakulala. Alikuwa ameshaandaa maneno ya kujitetea, na yote hayakufaa.

Lakini hakuitwa. Jumapili iliyofuata wakampokea kama kawaida, ila fundi mitambo, yule anayekaa kwenye miksa, mashine ya kupandisha na kushusha sauti, nyuma ya ukumbi, akamwomba apunguze amplifaya yake ya jukwaani. "Punguza hapo mgongoni kwako, mzee. Spika kubwa zitakubeba." Akapunguza. Wakapiga, na ukumbi ukacheza! Vidole vilikosea, alivisikia mwenyewe kwenye kile kiamplifaya kinachonong'ona nyuma yake, lakini watu hawakuyumba hata kidogo. Wakaruka, wakazunguka, wakashangilia. Jumapili nyingine vilevile, na nyingine. Kishindo akaanza kuamini kwamba sufuria imefanya kazi, au kwamba nyuzi kuukuu zina huruma, zinafunika makosa ya mwenyewe kama blanketi. Moyo ukarudi mahali pake. Akaanza hata kutania kibandani. Miezi ile, wallahi, alikuwa mtu mwenye furaha, na kila nikiikumbuka furaha hiyo nashikwa na hasira.

Kisha uzi mnene ukakatika. Ulikuwa umechemshwa mno, ukaoza karibu na daraja, yaani pale chini ya gita nyuzi zinapoanzia, ukaachia siku ya mazoezi. Fundi wa magita safari hii akagoma. Akasema hafungi uzi mmoja mpya kati ya watatu wafu. Nyuzi kuukuu kama hizo, akamweleza, hata ukizikaza vizuri zinadanganya: chini ya shingo ziko sawa, ukipanda juu zinatoka kwenye sauti. Akazitupa zote, akafunga nne mpya zinazong'aa, akaipandisha ile nafasi ya nyuzi kidogo ili zisivume, akakaza daraja.

"Sasa hili ni gita," akasema.

Kishindo akalipiga, akaruka mwenyewe. Loo! Lililia hadi madirisha yakaitika. Kila noti ina kingo, inang'aa, inaendelea kulia mpaka ukaizime. Na kila kosa nalo lilisikika waziwazi, maana uzi mkuukuu una siri, uzi mpya una mdomo. Akaondoka na hofu. Jumapili kiongozi atamwuliza ile sauti yao imekwenda wapi, wachezaji watalalamika, mpiga ngoma atamwita Mzee Vijiko. Alijiandaa kwa kila mzaha.

Jumapili akapiga na nyuzi mpya. Hakuna aliyesema kitu. Hata neno. Ile sehemu ya kupanda juu peke yake aliikosa vibaya, vidole viliteleza kwenye nyuzi zile ngumu, akasikia nyuma yake mlio kama kopo limeanguka. Akainua macho kutazama ukumbi. Ukumbi ulikuwa unacheza, tena unatabasamu.

Jumatatu binti yake akapita kibandani na mtoto mgongoni.

"Baba, jana nilikurekodi kwa simu, nimesimama kule mwisho kabisa. Sikiliza ulivyopiga."

"Nitasikia nini kwenye kisimu hicho?"

"Weka vile vya masikioni. Sikiliza bwana, usiwe mbishi."

Akaviweka masikioni. Na besi ikamjia, nzito, pana, fupi, du, du, kama mtu anashusha gunia sakafuni. Ikafika ile sehemu ya kupanda. Ikapanda. Noti zote, moja baada ya nyingine, safi, hakuna hata moja iliyojikwaa. Kishindo akafumba macho. Kumbe bado! Kumbe mkono uko hai, masikio ndiyo yamezeeka na kumsingizia! Machozi yakamtoka mbele ya binti yake, hakuyafuta. Binti akacheka, akamwambia mtoto, "Mwone babu anavyojililia mwenyewe." Kishindo akaomba airudishe nyuma, asikie tena.

Ni mara ile ya pili alipoganda. Gita lake lilikuwa mezani mbele yake, limetolewa mfukoni, nyuzi zinang'aa kwenye jua. Nyuzi mpya. Na aliyokuwa akiisikia masikioni ilikuwa sauti ya nyuzi zilizokufa, nyuzi ambazo fundi alishazitupa. Uzi mpya hauwezi kulia vile hata uuombe kwa magoti. Akaurudisha wimbo, akausikiliza tena, na tena, akitafuta mahali popote alipo yeye. Hakujikuta.

"Baba? Baba, mbona umekuwa hivyo?"

"Nenda nyumbani, mwanangu. Mtoto anapigwa jua."

Mazoezi ya bendi yalikuwa katikati ya wiki, katika chumba cha stoo cha ule ukumbi, viti vimepangwa kimoja juu ya kingine mpaka darini. Mpiga kinanda alikuwa shemeji yake, mdogo wa mke wake, kijana wa zamani aliyeingia bendi kwa kushikwa mkono na Kishindo mwenyewe. Kishindo hakusalimia mtu. Akasimama mbele ya kinanda.

"Shemeji, niambie nani anapiga besi."

Mpiga ngoma akaweka fimbo zake chini taratibu. Shemeji akamtazama kiongozi, kiongozi akatazama viatu vyake.

"Usimtazame huyo. Nitazame mimi. Nani anapiga besi ya bendi hii?"

Shemeji akageukia kinanda. Akabonyeza kitufe, akateremsha mkono wa kushoto kwenye upande wa chini wa kinanda, akagonga noti moja. Ikatoka kwenye spika: nene, fupi, nyeusi. Kishindo akaitambua kama mtu anavyotambua kikohozi cha baba yake. Siku moja, zamani kabla ya ganzi, shemeji alimwomba apige kila noti ya gita lake moja moja, polepole, kutoka chini mpaka juu, naye alikuwa ameweka mashine ya kurekodi. Alimwambia ni ya kumbukumbu. Kishindo alipiga kwa bashasha zote.

"Ni wewe mwenyewe, shemeji," mpiga kinanda akasema. "Ni gita lako, ni vidole vyako, nilivitia humu kwenye kinanda. Mimi nabonyeza tu."

"Na langu lililoko jukwaani?"

Fundi mitambo ndiye aliyejibu, kutoka mlangoni. "Nililifunga, mzee. Tangu ile Jumapili mbaya."

Kiongozi akaanza kulia mapema kabla hata hajaongea, ndivyo alivyo. "Ulitaka tufanyeje, kaka? Tukufukuze? Tukuweke wapi? Wewe ndiye uliyeijenga hii bendi. Tukasema, bora asimame nasi, avae suti yake, apige, afurahi. Tulikosea?"

"Ndiyo!" Kishindo akapiga kelele, na watu wa bendi walikuwa hawajawahi kumsikia akipiga kelele. "Mngenifukuza! Mtu aliyefukuzwa anajua yuko wapi. Mmenifanya mwanasesere! Mmenisimamisha pale miezi yote, nachekelea, nawapungia watu mkono, nasema bado nimo! Hata maiti huambiwa imekufa, inasomewa, inazikwa!"

Kishindo akakaa juu ya spika. Akawa anaushika mkono wa kushoto kwa wa kulia, anaukanda kana kwamba ni wa mgonjwa mwingine.

"Nani mwingine anajua?"

Shemeji akainamisha kichwa. "Dada ndiye aliyetuomba," akasema.

Nyumbani mke wake alikuwa anakunja nguo. Alimwona alivyoingia, akajua.

"Tangu lini?" Kishindo akauliza.

"Baba watoto, vifungo vya shati lako nani anavifunga asubuhi?"

Akafikiri. Kweli. Kila asubuhi mke wake alikuwa akimsogelea, anamrekebisha ukosi, anamtania kwamba amezeeka vibaya, na wakati huo huo anamfunga vifungo vyote mpaka cha shingoni. Na kikombe chake kilikuwa kimehamia kulia kwake mezani, na nyama ilikuwa inakuja imeshakatwa. Siri ya mtungi aijuaye kata. Yeye alidhani anamficha, kumbe ndiye aliyekuwa akifichwa.

"Ulinisubiri niseme?"

"Nilikusubiri. Hukusema. Kisha ile Jumapili ukarudi, ukakaa hapo kitandani na viatu, mpaka kukacha. Nikaogopa. Nikaona wakikutoa kwenye bendi nitazika mtu." Akaweka shati chini. "Nilifanya vibaya, najua. Lakini ulikuwa umeanza kucheka tena, mume wangu. Nilikuwa nimesahau unavyocheka."

Angemgombeza, ila hakuwa na nguvu. Walikaa ubavu kwa ubavu. La kuvunda halina ubani, na wote wawili walikuwa wamechoka kufukiza.

Lakini mtu hakubali kufa mpaka ajaribu. Kabla ya Jumapili Kishindo akampigia kiongozi simu. "Wimbo wa kwanza nifungulieni. Mmoja tu. Kinanda kisiguse besi. Spika kubwa zote." Kiongozi akabisha, akaomba, mwishoni akakubali kwa sababu hakujua namna ya kukataa. Kishindo akafunga kibanda mapema siku zile akafanya mazoezi, anaokota wimbo noti kwa noti, anauhamishia kwenye vidole viwili vilivyosalia. Akalipeleka gita kwa fundi, fundi akatafuta kimo cha nyuzi kinachofaa: hapa zinakwaruza, hapa zinashinda nguvu, katikati yake hakuna mahali. Fundi alihangaika na ile bisibisi ndogo mpaka jasho likamdondokea kwenye gita. Mwishowe akaiweka mezani.

"Ningekuwa na uwezo wa kukuundia mkono, ningekuundia," akasema, na hakuweza kumtazama.

Jumapili ukumbi ulijaa. Mke wake alikaa meza ya mbele, binti kando yake. Fundi mitambo akamwonyesha kidole gumba kutoka nyuma: nimefungua. Kiongozi akahesabu, ngoma zikaingia, na Kishindo akagonga noti ya kwanza.

Ikatoka! Ikatoka kwenye spika zote, inang'aa, kubwa kuliko yeye, ikamsukuma kifuani. Alikuwa amesahau jinsi inavyokuwa. Ya pili ikatoka, ya tatu. Kwa muda mfupi alikuwa mzima. Watu wakainuka kwenda kucheza. Halafu kidole cha tatu kikahitajika na hakikuwepo, na uzi mpya, ule wenye mdomo, ukautangaza mkwaruzo ule kwenye kila kona ya ukumbi. Akaharakisha kuifuata ngoma, akaikuta imepita. Akairuka noti moja aipate nyingine, akaikamata nusu, ikalia kama mlango wenye kutu. Mpiga ngoma akapunguza mwendo kumsubiri, Mungu ambariki, na kumsubiri kule kukaharibu zaidi. Wachezaji wakaanza kukanyagana. Mmoja akacheka akidhani ni mzaha wa bendi. Wawili wakarudi kukaa. Kishindo akamtazama binti yake, binti akawa anatafuta kitu ndani ya mkoba, anatafuta, anatafuta, na hakuna alichokuwa akikitafuta. Mke wake peke yake ndiye aliyekuwa akimtazama, na midomo yake ilikuwa inamhesabia.

Ikakaribia ile sehemu ya kupanda. Kishindo aliiona inakuja. Akanyanyua kichwa, akamtafuta fundi mitambo kule nyuma, juu ya vichwa vya watu wote wale, akauinua mkono wa kulia, akaushusha polepole, kiganja kikiwa chini.

Funga.

Fundi mitambo hakuelewa, au hakutaka. Kishindo akarudia, mara hii akitikisa kichwa, na fundi mitambo akalifunga gita. Shemeji alikuwa ameona. Mkono wake wa kushoto ukateremka kwenye kinanda, na besi ikapanda, nene, nyeusi, safi, noti zote kwa mpangilio wake, ikafika juu na kushuka. Ukumbi mzima ukashusha pumzi. Waliokaa wakainuka. Kishindo akaendelea kuchapa nyuzi zake zisizosikika mpaka mwisho wa wimbo, na wimbo uliofuata, na uliofuata, amenyoosha mgongo, anatikisa kichwa kwa mapigo kama kawaida yake, kwa sababu mke wake alikuwa mbele pale na hakujua afanye nini kingine na mwili wake.

Wakati wa mapumziko alipita mlango wa nyuma apate hewa. Jiko la ukumbi liko huko, na mama anayeosha vyombo alikuwa ameinamia karai, mikono imezama mpaka viwiko kwenye povu. Huyu mama kwa miaka yote hajawahi kuiona bendi ikipiga. Kazi yake iko nyuma ya ukuta, muziki anaupata kwa masikio tu. Akamwona, akanyooka, akatabasamu.

"Baba, shikamoo. Leo mmenishangaza."

"Marahaba. Tumekushangazaje?"

"Ule wimbo wa kwanza, gita lako mlimpa nani? Maana nikasema, jamani, baba anaumwa? Nikaacha na vyombo. Mpaka uliporudi wewe mwenyewe katikati ndipo roho yangu ikatulia." Akafuta mkono kwenye aproni, akausogeza mdomo karibu, kama anayemhurumia mtu asiyekuwepo. "Samahani kusema, baba, huyo mtu hawezi. Msimpe tena."

Kishindo alisimama pale, povu linadondoka kutoka kwenye mkono wa pili wa yule mama.

"Hatutampa tena, mama," akasema. "Tumeshamwambia."